Mwenzi wa Sentensi

Sindano alikuwa akikanyaga cherehani tupu. Uzi haumo, kitambaa hakimo, mashine inashona hewa, na mwenyewe ametega sikio kwenye mlango wa uani, ambako mumewe alikuwa akizungumza na mwanamke mwingine kwa Kiingereza.

Msidhani amerukwa na akili. Alijua vizuri anachofanya. Cherehani ikinyamaza, mumewe angejua anasikilizwa, angeshusha sauti, na yeye angeambulia patupu. Kwa hiyo mguu ulifanya kazi ya mguu na sikio likafanya kazi ya sikio, na mashati ya shule yaliyokuwa yakisubiriwa na wenyewe yakalala mezani bila kola wala vifungo.

Jina la Sindano alipewa na wateja, kwa ajili ya kazi yake na kwa ajili ya ulimi wake pia. Mumewe walimwita Barafu. Alikuwa fundi wa majokofu, lakini hata angekuwa fundi wa majiko wangemwita vivyo hivyo. Alikuwa mtu wa “sawa”, “ndiyo” na “tutaona”, basi, akimaliza hayo matatu amemaliza hotuba. Sindano alizoea kusema kwa niaba ya wote wawili. Kuna siku aligombana naye mchana mzima akiwa peke yake: akauliza, akajibu, akakasirika, akajiomba radhi, na Barafu muda wote huo anakula.

Sasa Barafu huyohuyo amekaa uani juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono imejaa grisi, simu ameiweka kwenye spika juu ya jokofu bovu la mteja, na anaongea. Anaongea hasa! Na upande wa pili sauti ya mwanamke inacheka, kicheko laini, cha mtu aliyeketi kwenye kiti kizuri. Sindano hakuwahi kumwona, alijua tu kwamba ni mpokea wageni wa kliniki ya meno. Alimpa jina la Sauti, na kila alipolitaja moyoni alilitaja kama anatema mbegu ya limau.

Chanzo cha yote kilikuwa cheo. Kampuni aliyofanyia kazi Barafu ilitaka msimamizi wa mafundi, mtu wa kuzungumza na wageni wanaoleta mitambo ya vyumba vya baridi. Mkuu wake alimwambia bila kupindisha maneno: Jumatatu ijayo uwe na cheti cha kuzungumza Kiingereza, nafasi ni yako, usipokuwa nacho, yuko mwenzako anaisubiri. Barafu alikuwa tayari amejiunga na darasa la jioni, na huko ndiko alikopewa balaa linaloitwa mwenzi wa sentensi.

Mwalimu wa darasa hilo alikuwa mama mmoja mstaafu, aliyetumia ujana wake wote kwenye chumba cha mitambo ya simu, akiwaunganisha watu waongee. Aliamini lugha haiingii kwa macho, inaingia kwa waya. Kila wiki alitoa kitenzi kimoja, vile vitenzi vya Kiingereza vya maneno mawili yaliyoshikana mikono, na kila mwanafunzi alipewa mwenzi wa kumpigia simu jioni. Unamwambia sentensi moja yenye kitenzi hicho, na lazima iwe ya kweli, iwe imetoka katika maisha yako. Kuandika marufuku. Kudanganya marufuku. Ijumaa, mbele ya darasa, unasimama unasema sentensi za mwenzako, siyo zako. Mwalimu anauliza swali moja tu, na wewe unajibu kwa niaba ya mwenzako. “Ukimjua mwenzako umeijua lugha,” ndivyo alivyopenda kusema. Hilo la kujuana ndilo lililomkera Sindano.

Kitenzi cha wiki hiyo, ya mwisho kabla ya vyeti, kilikuwa “give up”. Sindano, ambaye Kiingereza chake kiliishia darasani pale karo ilipoishia, alimfuata mdogo wake kwenye duka la vifaa vya simu.

“Hiyo give up ndiyo mnyama gani?”

“Inategemea, dada,” mdogo wake akasema huku akibandika kioo kwenye simu ya mteja. “Mtu akiacha sigara, give up. Akikata tamaa, give up. Mwizi akizingirwa akanyoosha mikono, give up. Ukimpisha mama mjamzito kiti chako, nayo give up.”

“Neno moja linafanya kazi zote hizo? Halina likizo?”

“Na ukimwachia mtu kitu chako ulichokipenda, hapohapo. Kwani unasoma siku hizi?”

“Nasikiliza.”

Mdogo wake akacheka. “Shemeji na mwenzi wake wa Kiingereza, siyo? Dada, wivu utakuua. Ni masomo tu.”

“Masomo gani ya kuchekeana?”

“Wewe ukiongea na wateja wako huwacheki?”

“Wateja wangu nawapima kiuno kwa futi, siwaelezi maisha yangu,” Sindano akajibu, akaondoka kwa hasira hata akasahau kuaga.

Na ni kweli, hapo ndipo palipouma. Kama Barafu angekuwa anamtongoza yule mwanamke, Sindano angejua la kufanya. Angevua kanga, angefunga kibwebwe, mtaa mzima ungehudhuria. Lakini hakukuwa na mapenzi katika yale mazungumzo. Kulikuwa na ukweli mtupu. Jumatatu Barafu alisema aliacha sigara mwaka alioanza uchumba, kwa sababu msichana aliyempenda aligeuza uso kila alipomsogelea, na yeye akaona bora akose sigara kuliko kuukosa uso ule. Miaka yote Sindano aliamini ni kikohozi! Uso ni wake, habari ni yake, na wa kwanza kuambiwa ni mpokea wageni wa kliniki ya meno.

Jumanne alisema aliacha masomo ya ufundi wa juu ili mdogo wake asome. Hata hilo Sindano hakulijua. Akakanyaga cherehani kwa nguvu hadi mkanda ukachomoka.

Siku iliyofuata ndiyo iliyomchoma.

Inabidi niseme jambo hapa, ingawa wenyewe hawakulisema kamwe. Nyumba ile ilikuwa na chumba kidogo. Sindano alishika mimba, ikatoka. Akashika ya pili, ikakaa mpaka wakanunua kitanda cha mtoto, nayo ikatoka. Alipopata nguvu ya kukaa kitini alimwambia mumewe, “Basi. Mimi sitaki tena.” Alitaka abishiwe. Alitaka mtu alie naye, apige ukuta ngumi, aseme chochote. Barafu akasema, “Sawa.” Asubuhi yake akakitoa kile kitanda peke yake, akampelekea jamaa yake aliyekuwa na mtoto, akarudi, akafagia. Chumba kikajazwa marobota ya vitambaa. Tangu siku hiyo Sindano aliamini mumewe hakuumia. Alimsamehe mengi, ila ile “sawa” aliiweka ndani kama mfupa wa samaki.

Sasa alikuwa akikanyaga mashine tupu, na huko uani Barafu akakohoa, akasema polepole, neno moja moja, kama anavyopanga skurubu juu ya gazeti, kwamba ali-give up kitanda kidogo. Kitanda cha mtoto. Alimpa mtu. “But I did not give up the name.” Jina hakuliacha.

Mguu wa Sindano ukasimama.

Katika ukimya ule sauti ya yule mwanamke ilisikika vizuri kama yuko chumbani. “What name?” Jina gani?

Tik. Spika ikazimwa. Barafu aliuona ukimya wa cherehani, akaondoa simu juu ya jokofu akaibana sikioni, na mengine yote yakaishia kati ya sikio lake na kliniki ya meno.

Alipoingia ndani akinawa mikono, aliuliza, “Mashine imeharibika?”

“Uzi umekatika.”

“Sawa,” akasema.

Sindano alimtazama mgongoni hata akaogopa mwenyewe. Mtoto alikuwa na jina! Mtoto wake, aliyembeba tumboni mwake, alikuwa na jina, na sasa hivi mwanamke mwingine analijua. Anaweza kulitamka akiwa anachana nywele. Anaweza kumpa paka wake. Na yeye, mama mwenye mtoto, hajui linaanza na herufi gani. Wivu wa mapenzi unasemwa na kuimbwa. Huu mwingine hauna hata jina, na ulimkaa Sindano kifuani usiku kucha.

Kumuuliza mumewe? Hapana. Angejua alikuwa anasikilizwa. Tena kumuuliza ni kukubali kwamba alikuwa na haja ya kujua, na yeye ndiye aliyesema basi. Badala yake, Barafu alipokuwa bafuni, alichukua namba kwenye simu yake. Siku ya pili, mumewe akiwa kazini, akapiga.

“Kliniki ya meno, karibu,” Sauti akasema. Kwa Kiswahili alikuwa na sauti ya kawaida tu.

“Mimi ni mke wa mwenzi wako wa sentensi.”

“Jamani, shemeji! Nimekusikia sana. Habari za…”

“Mume wangu ameacha darasa. Usimpigie, na akipiga usipokee. Nyumbani kwetu jambo hilo halipendezi.”

“Ameacha? Mbona jana tu tume…”

“Jana ni jana,” Sindano akasema, akakata.

Raha aliyoipata ilidumu muda wa kutunga uzi kwenye tundu la sindano. Jioni Barafu alikaa juu ya ndoo yake, akapiga, ikaita hadi ikakatika. Akapiga tena. Akaiweka simu juu ya jokofu akaitazama, kisha akarudi kwenye mtambo wake. Sindano ndani alikuwa anashona kweli sasa, anashona mbio, kola zinakwenda upande. Alijionea aibu, ndiyo. Lakini kila aibu ilipopanda, lile jina asilolijua liliikanyaga ikashuka.

Ijumaa Barafu alivaa shati lililopigwa pasi akaenda darasani. Sindano akamfuata kwa mbali. Alitaka kuiona sura. Hayo mengine, ya cheti, ya kwamba mtu asiye na mwenzi hana wa kumsemea, hayakuwa yamempitia kichwani hata kidogo. Hasira ina kawaida ya kuona kitu kimoja tu.

Darasa lilikuwa shule ya msingi ya karibu. Watu wazima walikuwa wamejikunja kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Sindano akasimama dirishani. Alimtambua Sauti mara moja, kwa kicheko. Alikuwa mzuri. Tena mzuri wa kweli, shingo, macho, meno ya mtu anayefanya kazi kwenye meno, na Sindano alikuwa amekuja akiomba akute kikongwe.

Wakasimama wawili wawili. Mlinzi wa benki alimsemea muuguzi, muuguzi akamsemea mlinzi. Kisha mwalimu akavaa miwani, akamtazama Barafu. Alisema kwa Kiingereza, ila sisi tutasema kwetu: “Wewe unafanya nini hapa? Nimeambiwa umeacha. Mwenzako nimempa mwenzi mwingine.”

“Sikuacha, mwalimu,” Barafu akasema. “Nani amesema?”

Sauti akainamisha kichwa. Macho yake yalipoinuka yalikwenda dirishani, kwa mwanamke mwenye futi ya ushonaji shingoni, na ya Barafu yakayafuata. Akamwona mkewe. Akamtazama muda mrefu, na Sindano akamwona anaelewa, jambo moja baada ya jingine, simu iliyoita bila kupokewa, cherehani iliyonyamaza. Kisha akamgeukia mwalimu.

“Nyumbani kulitokea kosa,” akasema. “Kosa letu. Niko hapa.”

Letu! Sindano angependelea kutukanwa.

“Cheti natia sahihi leo tu,” mwalimu akasema. “Na bila mtu wa kukusemea sitii. Mkinizoesha hivyo kila mtu atajisemea mwenyewe.”

Hapo Sauti akasimama. “Mwalimu, sentensi zake ninazo zote. Acha nimsemee.”

Alikuwa anasaidia. Hata kipofu angeona anasaidia. Lakini Sindano aliwaza yale maneno, kitanda kidogo, jina, yakitoka kwenye kinywa kile kizuri mbele ya watu wote hawa, na kabla hajajua, alikuwa amefika mlangoni, futi ya kupimia bado inaning’inia shingoni.

“Hasemi huyu,” akasema kwa Kiswahili, katika chumba ambamo Kiswahili ni marufuku. “Nitasema mimi.”

“Wewe ni nani?” mwalimu akauliza.

“Mimi ndiye mwenzi wake.”

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alimpima Sindano juu mpaka chini kama mtu anayesikiliza laini mbovu. “Sentensi zake umezijuaje?”

“Nilikuwa nasikiliza mlangoni.”

“Basi umesoma kuliko hawa. Sema.”

Akasema. Kiingereza chake kilikuwa na viraka, lakini hakikuchanika. He gave up smoking, kwa sababu ya uso wa msichana. He gave up school, kwa ajili ya mdogo wake. Barafu alikuwa anatazama mikono yake. Sindano akaendelea. “He gave up the small bed,” akasema. “Baby’s bed. But he did not give up the name.”

“What name?” mwalimu akauliza. Lilikuwa swali lake la kawaida, la mtu anayetimiza utaratibu, na ndilo swali moja aliloruhusiwa.

Sindano akafungua mdomo. Jina hakulijua. Akatazama dawati la mbele, akamwona Sauti anamtazama, na wivu wote wa wiki nzima ukampanda kichwani.

“Muulize huyo,” akasema, na sauti ikamkatika. “Yeye ndiye aliyeambiwa.”

“Mimi?” Sauti akasema. Akasahau marufuku, akasema kwa Kiswahili. “Sikuambiwa, dada. Nilimuuliza, akakataa. Aliniambia hilo mama yao hajalisikia, hawezi kulisikia mtu mwingine kwanza.”

Kama kuna mahali pa kujificha katika darasa la watoto, Sindano hakupaona. Alisimama pale na futi yake shingoni.

Mwalimu alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa utaratibu. “Swali likishaulizwa lazima lijibiwe,” akasema, na sasa alisema polepole zaidi. “Mwenzi hajui. Basi leo nitavunja kanuni mara moja tu: mwenye sentensi ajibu mwenyewe. Litaje jina, nitie sahihi, Jumatatu upeleke cheti chako.”

Kalamu aliishika tayari. Watu wote wakamgeukia Barafu. Lilikuwa neno moja tu, fupi kuliko jina la mtambo wowote aliowahi kuutengeneza, na nyuma ya neno hilo kulikuwa na cheo, ofisi, na mwisho wa kukalia ndoo.

“Hapana, mwalimu,” Barafu akasema. “Nashukuru kwa masomo.”

Akatoka katika dawati lile dogo kwa shida, akapita katikati ya watu, akampita mkewe mlangoni bila kumgusa.

Sindano alimkuta nje, kwenye bomba la shule, ananawa mikono isiyo na uchafu.

“Nimekuharibia,” akasema.

“Umeniharibia,” Barafu akasema. Hakusema sawa. “Umempigia simu mtu kazini kwake. Umenifuata njiani kama mwizi. Cheo kimekwenda, na nilikitaka, wewe hujui nilivyokitaka. Ulikuwa unasikiliza mlangoni wiki nzima, na mimi nilikuwa nimekaa palepale. Mlango hauna hata komeo. Ungekuja ukauliza.”

“Na wewe ungekuja ukasema.”

“Ulisema basi. Mimi nikisema kitu baada ya basi, nakusukuma. Nilikaa kimya ili nisikusukume.”

Maneno mengi kiasi hicho Sindano hakuwahi kuyasikia kwa mumewe katika lugha yoyote. Maji yalikuwa yakimwagika bure, akafunga bomba. Ndani ya darasa mtu mwingine alikuwa anasemewa sasa, na walisikia kicheko kile laini, na safari hii kilimuuma bado, kidogo, kwa mazoea.

“Nauliza sasa,” akasema. “Jina gani?”

Barafu alijifuta mikono kwenye shati lake la pasi.

“Unataka la nani kwanza?” akauliza. “Walikuwa wawili.”

Sindano, mwenye neno kwa kila jambo, alishika bomba. Miaka yote alimhesabu mmoja tu, yule wa kitanda. Yule wa kwanza, aliyekaa muda mfupi hata majirani hawakujua, hata yeye mwenyewe hakuwahi kumwita mtoto.

“Wa kwanza,” akasema.

Barafu akamwinamia, akalitaja sikioni. Lilikuwa la kike. Sindano akalirudia, mara moja kwa sauti ndogo, mara ya pili kwa sauti yake yenyewe.

“Na mdogo wake?” akauliza.